Joto la kaskazi na mtoto mchanga

Kuanzia Desemba hadi Machi, majira ya upepo wa kaskazi, huku pwani hewa imejaa unyevu na jasho halikauki. Mtu mzima hukimbilia kivulini. Mtoto mchanga hubaki pale alipolazwa, mara nyingi kavishwa sweta, soksi na kofia ya sufu. Anza kwa kumvua. Nepi na fulana nyepesi ya pamba vinatosha. Usimpime joto kwa kugusa viganja au nyayo zake, maana huwa baridi hata mwili ukiwa umepata joto kupita kiasi. Ingiza vidole viwili nyuma ya shingo, kisha kifuani. Ukikuta joto na jasho, nguo zimezidi.

Aliye chini ya miezi 6 hapewi maji, hata jua liwake vipi. Maji hujaza tumbo asinyonye, na yakizidi hupunguza chumvi kwenye damu hadi degedege. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na mama naye anywe maji kila anaponyonyesha. Aliyevuka miezi 6 apewe maji safi kidogo kidogo, asisubiri kuomba.

Hesabu nepi. Anayenyonya vizuri hulowesha 6 au zaidi kwa siku. Zikipita saa 6 bila mkojo, au mdomo umekauka, analia bila machozi, utosi umebonyea, mpeleke kituo cha afya papo hapo.

Chumba cha bati kisicho na dari huwa tanuri mchana. Alale barazani, ndani ya chandarua. Feni peke yake husukuma hewa ya moto tu. Mfute kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya bombani, ndipo uiwashe. Njiani tumia mwavuli. Kanga iliyomfunika uso huzuia hewa. Kwenye gari lililoegeshwa asiachwe hata kidogo: ndani ya dakika 10 joto hupanda kwa nyuzi 10 hivi, na kuteremsha kioo kidogo hakusaidii.

Mwili ukiwa wa moto sana naye amelegea, haitiki au ana degedege, usingojee dawa ya homa, haitibu joto la jua. Mvue, mmwagie maji ya kawaida, mpepee bila kuacha mkiwa njiani kwenda hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Aliyepoa kivulini kisha mwili ukachemka tena, apimwe malaria siku hiyohiyo. Wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi aende moja kwa moja hospitali, hata kama ananyonya.