Namna ya kujinadi unapoomba kujiunga na jumuiya ya wajasiriamali

Ombi langu la kwanza la kujiunga na jumuiya nililiandika nikiwa na randa moja, msumeno wa kuazima na nusu ya banda pale Keko, Dar. Nusu nyingine ilikuwa ya fundi makochi. Nikaandika: "Kampuni yetu ina dira ya kuwa kinara wa samani za kisasa Afrika Mashariki na Kati." Kampuni yenyewe ilikuwa mimi na mdogo wangu, naye alikuja Jumamosi tu. Wakanikataa, na walikuwa na haki. Mwaka uliofuata nikapiga hodi mlango uleule nikapokelewa, na huu ni mwaka wa nne nakaa kwenye kamati inayosoma maombi ya vijana wanaotaka kuingia: wasindika karanga, wapiga picha, mafundi simu, wauza nguo wa mtandaoni, waandika programu. Kila mzunguko hutufikia maombi 60 hadi 90, na nafasi hazizidi 12.

Kwanza tukubaliane neno. Wengine husema "kujiuza", neno ambalo mjini hapa lina maana yake nyingine, ulitamke mbele ya mama mkwe uone. Mimi nasema kujinadi. Mtazame mnadi wa mitumba pale Karume. Hatoi hotuba kuhusu ubora wa shati. Analikunjua, analigeuza ndani nje, anakuonyesha mshono, anavuta kola mbele ya macho yako. Maneno yake machache, mikono ndiyo inayosema.

Hatua ya 1. Jua ni mlango gani unapiga hodi

Vijana wengi wana ombi moja tu, wanalisambaza kila mahali kama kadi ya mchango wa harusi. Milango haifanani. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inataka vitu kama kikundi, katiba yake na akaunti ya benki. Programu ya Tony Elumelu Foundation, taasisi ya Nigeria, iliyoanza 2015 na kujulikana kwa mtaji wa kuanzia wa dola 5,000, inataka wazo la biashara linalosimama kwa hesabu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, unaiendea kwa mafunzo na ushauri wa uzalishaji.

Jumuiya ya wajasiriamali haigawi hela, au ikigawa ni kidogo. Unachopata ni meza ya kufanyia kazi, wenzako wa kuwauliza, wateja wanaoelekezwa kwako, na mtu wa kumpigia simu mzigo ukikwama bandarini. Kwa hiyo tukisoma ombi lako hatuulizi sana kama biashara italipa. Tunajiuliza: huyu tukikaa naye meza moja mwaka mzima, itakuwaje?

Kabla hujaandika, nenda ukakae nao. Jumuiya nyingi zina siku ya wazi. Kama huna pa kuanzia, shuka kituo cha Sayansi, Kijitonyama, ilipo COSTECH, yaani tume ya sayansi na teknolojia, na Buni Hub yake, kituo cha wabunifu, uliza kuna matukio gani. Kaa nyuma, sikiliza wanacholalamikia wakati wa chai. Utajua zaidi hapo kuliko kwenye tangazo lao.

Hatua ya 2. Andika matendo, sifa ziache

Hapa ndipo maombi mengi yanapofia. "Mimi ni kijana mchapakazi, mbunifu, mwenye kujituma na uwezo wa kufanya kazi bila kusimamiwa." Nimeisoma sentensi hii hadi naweza kuiimba. Siku hizi imepata pacha wake anayeandikwa na akili mnemba: "Nina shauku ya dhati ya kuleta mabadiliko chanya katika jamii yangu." Huenda ni kweli. Lakini hata mwizi wa pikipiki anaweza kuisaini.

Kwenye fasihi simulizi tulifundishwa majigambo. Shujaa anasimama mbele ya watu na kujisifu waziwazi, na hakuna anayemwona ana maringo, kwa sababu anataja alichotenda: vita gani, mto gani aliuvuka, nani alikuwa naye. Akiacha kutaja, yanakuwa majivuno. Basi jigambe kwa namna hiyo. Chukua daftari uandike vitu 20 ulivyofanya kwa mikono yako ndani ya miezi 12 iliyopita, kila kimoja kiwe na idadi, mahali au mtu. Ukifika cha 9 utakwama. Usiweke kalamu chini. Vile vya mwanzo ni vile ulivyozoea kuwasimulia watu; vizuri hutoka baada ya kukwama.

Kuna binti muuza juisi nilimsaidia alipokuwa akiomba kwenye jumuiya nyingine, si yetu. Alikuwa ameandika "natoa huduma bora kwa wateja wangu". Tukaanza orodha. Kitu cha 14 kikatoka kwa kusitasita: kila alfajiri yupo soko la Buguruni kabla hakujapambazuka vizuri, ananunua maembe yaliyoiva kupita kiasi ambayo wenyewe wanataka yaondoke kabla jua halijayapiga, kwa nusu ya bei, na kufika saa mbili asubuhi yote yameshasagwa. Nikamwambia hiyo ndiyo biashara yako, mbona hukuiandika? Akasema, "Kaka, si ni kawaida tu?" Kwake ni kawaida. Kwa wanakamati ambao hawajawahi kuamka saa kumi usiku kufuata embe, si kawaida hata kidogo.

Hatua ya 3. Lipange ombi kama kanga

Kanga ina pindo, mji na jina. Mji ni ule mchoro wa katikati unaoshika macho. Kwenye ombi lako, mji ni tendo moja kati ya yale 20, lile linalobeba mengine yote. Moja tu. Pindo ni yanayolizunguka: unafanyia wapi, tangu lini, unamuuzia nani, kwa bei gani. Jina ni sentensi moja ambayo msomaji ataikumbuka akiwa kwenye daladala anarudi nyumbani.

Anza na jina, na liwe jepesi. Linganisha:

"Ni mjasiriamali katika sekta ya vinywaji asilia mwenye malengo ya kupanua wigo wa soko."

"Nageuza maembe ambayo Buguruni wanataka kuyatupa kuwa juisi ya saa mbili asubuhi."

Ya pili ina karibu urefu uleule, ila huwezi kuichanganya na ya mtu mwingine. Ukimaliza, msomee mtu asiyeijua kazi yako, shangazi au jirani, kisha kesho yake muulize unafanya kazi gani. Akijibu "sijui, mambo ya vinywaji", rudi kwenye daftari.

Hatua ya 4. Weka kasoro moja mezani

Ombi langu la pili lilianza hivi: "Natengeneza vitanda vya 5 kwa 6 vya mninga, Keko. Nimeuza 41. Vitatu vimerudi." Halafu nikaeleza kwa nini vilirudi. Nilinunua mbao mbichi kwa sababu zilikuwa rahisi, nikaunga, nikapiga vanishi, vikapendeza. Mbao zilipokauka zikiwa tayari nyumbani kwa watu zikajikunja, kona zikaachia, vitanda vikaanza kulia usiku. Mteja mmoja alinipigia simu saa sita ya usiku ili nisikie mwenyewe. Nikaeleza nilivyovitengeneza upya bila malipo, na kwamba sasa napanga mbao kwa kuziachia nafasi katikati hewa ipite, na sigusi ubao kabla haujakauka.

Mwenyekiti wa wakati ule aliniambia baadaye kwamba neno "vimerudi" ndilo lililomfanya aache kupekua na kuanza kusoma. Anayejua kilichoharibika anajua kazi yake.

Ila kasoro ni moja, nayo iwe ya kazi. Kuna maombi yanageuka maombolezo: nimezaliwa familia duni, baba alituacha, ada ilikosekana. Tunaguswa, sisi wenyewe tumetoka hukohuko. Lakini kamati haina namna ya kupima machungu ya huyu na ya yule, na sidhani kama inafaa ijaribu. Kama maisha hayo yalikufundisha kitu unachokitumia dukani leo, andika hicho unachokitumia.

Hatua ya 5. Chagua umbo litokalo kwenye kazi yako

Sasa ndio ubunifu. Vijana hudhani ubunifu ni rangi nyingi na maandishi yanayorukaruka. Nitataja yaliyonibaki kichwani. Msindika karanga alituandikia ombi zima kwa umbo la lebo ya kopo lake: penye viungo akaweka nani anafanya naye kazi na mtaji ulitoka kikoba gani, penye maelekezo ya matumizi akaweka jinsi tutakavyomtumia kwenye jumuiya, penye tahadhari akaandika "hajui hesabu za kodi". Tulicheka, tukampigia kura. Fundi simu alituma picha za simu 6 alizoshindwa kuzitengeneza, kila moja na mstari mmoja wa sababu. Muuza nguo alichora njia za bodaboda wake, Sinza hadi Tabata, na muda anaotumia kila safari.

Yaliyoshindwa nayo yapo. Mmoja alituma wimbo wa kufokafoka wa dakika 4 ambao ndani yake hatukuambiwa anauza nini. Mwingine alileta keki ofisini, nzuri kweli, tukaila yote. Lakini yeye alikuwa anauza bima.

Kipimo changu ni hiki. Ondoa umbo uone kinachobaki. Kama hakuna habari, lilikuwa pambo. Na kama mwenye biashara nyingine angeweza kutuma umbo hilohilo bila kubadilisha kitu, si lako.

Hatua ya 6. Video, kama wameomba

Simu yako inatosha. Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni; jua la mchana la Dar linaangusha kivuli machoni hadi unafanana na mtu aliyepigwa. Ukiwa ndani, litazame dirisha, usilipe mgongo. Kelele ni tatizo kubwa kuliko picha: tumia kipaza sauti cha waya wa masikioni, na mwombe jirani mwenye mashine ya kuchomelea dakika 5. Sekunde 60 zinatosha. Usisome karatasi. Fanya kazi yako huku unaongea, kwa sababu mikono ikiwa na shughuli ulimi unatulia. Ukituma kwa WhatsApp, iambatanishe kama faili, maana ukiituma kama video ya kawaida itabanwa na kupoteza ubora. Na faili liite jina lako, si "video mpya final 2".

Hatua ya 7. Jibu swali la mchango kwa siku na saa

Karibu kila fomu huuliza utachangia nini. Karibu kila mtu hujibu "mawazo na ushirikiano". Andika kitu kinachoweza kuwekwa kwenye kalenda: "Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, saa nne hadi saa sita, nitapiga picha za bidhaa za wanachama wawili bure." Ahidi kidogo. Tunazo kumbukumbu, na tutakukumbusha.

Hatua ya 8. Karatasi

Kwa ufupi. TIN, namba ya mlipakodi, unaipata TRA bila malipo. Jina la biashara unalisajili mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, andaa namba yako ya NIDA. Jina la biashara si kampuni, kwa hiyo usiandike "kampuni yetu" kama hujasajili kampuni; mimi niliiandika, na mwanakamati mwanasheria aliicheka mbele ya wenzake. Kama bado hujasajili chochote, sema bado na sema umefikia wapi.

Hatua ya 9. Siku ya kuonana

Toka mapema. Mvua ikinyesha na maji yakijaa Jangwani, mwendokasi haupiti na hakuna kisingizio utakachotoa ambacho hatujakisikia. Piga simu kabla ya muda, si baada. Ukiingia, salimia. Mezani kwetu kuna mzee mmoja na mama mmoja, na kijana akianza na "mambo vipi" kwa wote, shikamoo yake inayokuja baadaye haina ladha.

Utapewa kama dakika 3. Tumia ile sentensi ya jina, nenda kwenye tendo lako moja, halafu nyamaza waulize. Watauliza ile kasoro, hilo nakuhakikishia. Njoo na kitu cha kushika: chupa, kitambaa, simu iliyofunguliwa.

Mimi nilikwenda na ubao mmoja wa kile kitanda kilicholia usiku. Niliulaza mezani, nikaubonyeza upande mmoja, upande wa pili ukainuka. Wakaanza kupokezana, kila mmoja akifumba jicho moja kuangalia ulivyojikunja. Yule mama alikuwa wa mwisho kuushika. Akaniuliza kama ndiyo sababu mlango wa kabati lake umegoma kufunga tangu Pasaka.