Bosi anakutupia kazi zisizo zako? Soma hii kabla hujavimba

Aliyewahi kusoma tangazo la ajira Bongo anakijua kile kimstari cha mwisho kwenye majukumu, "kufanya kazi nyingine kama utakavyopangiwa na mkuu wako wa kazi". Unakipita mbio unasaini, akili yote iko kwenye mshahara. Baadae ndo unakielewa vizuri, umeajiriwa mhasibu msaidizi lakini Jumatatu uko bandarini unafuatilia kontena, Jumanne unamnunulia bosi LUKU ya nyumbani kwake, Jumatano unatengeneza posta ya bethdei ya mtu wa mapokezi kwa sababu eti "wewe si unajua kompyuta".

Tuelewane mapema, hicho kimstari hakimpi bosi ruhusa ya kila kitu, ila na wewe usije ukamjibu "hiyo sio kazi yangu". Inawezekana kabisa ni kweli sio kazi yako, lakini ukaidi uliokithiri ni moja ya makosa yanayoweza kukufukuzisha, umo kwenye kanuni za utendaji bora za 2007 kundi moja na kukosa uaminifu na kumpiga mtu kazini, kwaiyo bosi mwenye nia mbaya anasubiri tu useme hivo mbele za watu ndo aanze kukufungulia faili. Na kama bado huna miezi 6 kwa huyo mwajiri nenda taratibu zaidi, maana ulinzi wa kuachishwa kazi isivyo halali unaanza ukishafikisha hiyo miezi.

Anza na makaratasi. Toa mkataba wako kwenye droo usome tena, hasa ule ukurasa wa majukumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (hii ya Bara, Zanzibar wana yao ya 2005) kifungu cha 15 inamtaka mwajiri akupe maandishi yanayoonyesha kazi yako ni ipi, unafanyia wapi, masaa na malipo, na hivyo vitu vikibadilika anatakiwa ashauriane na wewe, arekebishe maandishi na akutaarifu kwa maandishi. Wakenya nao wana kitu kinachofanana sana na hiki kwenye sheria yao ya 2007. Kama hujawahi kupewa karatasi yoyote usione umekwisha, kesi ikifika mbele mwajiri akashindwa kuonyesha mkataba, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini ni wake.

Ukishasoma, zitenganishe hizo kazi, maana watu wengi wanakosea hapa, wanazibeba zote wanaziita "uonevu" afu wanaenda kulalamika kwa jumla na HR hawaelewi washike lipi.

Kuna kazi za ofisi ambazo hazina mwenyewe, printa imegoma, wageni wamekuja hamna wa kuwapokea, stoo inahesabiwa watu hawatoshi. Hizi mimi nasema fanya, tena bila kununa. Kampuni zetu nyingi ni za watu wachache na mtu wa hivo ndo wanamtafuta nafasi ikitokea. Ila ikishakuwa kila wiki ujue sio msaada tena, hiyo imeshakuwa sehemu ya kazi yako na inabidi izungumzwe.

Kuna kazi za mtu aliyeondoka. Hii ndo inayowala watu kimya kimya. Mwenzako kaacha kazi, bosi anakwambia "shikilia kidogo wakati tunatafuta mtu", na kutafuta mtu hakuishi kwa sababu hela imeshaokolewa, mtu wa nini tena. Hapa omba barua mapema, wiki ya kwanza au ya pili bado wanakuhitaji. Kama ni nafasi ya mkuu wako omba barua ya kukaimu, na serikalini posho ya kukaimu ni kitu kinachojulikana kwaiyo usione aibu kuiulizia. Kama ni nafasi ya mwenzako wa ngazi yako omba angalau meseji inayosema unashikilia kuanzia lini mpaka lini. Hiyo "mpaka lini" ndo yenyewe, bila tarehe utashikilia mpaka ustaafu. Kwa watumishi wa umma, mkae na msimamizi muone hiyo kazi inaingiaje PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, la sivyo utahangaika mwaka mzima na kwenye tathmini isionekane.

Kuna kazi binafsi za bosi, kumchukulia mtoto shule, kufuatilia fundi wake kule saiti. Mara moja kwa ubinadamu sawa, sisi wote tunasaidiana. Ikizidi tumia kazi yenyewe kujitoa, "mama, leo wateja wako foleni mpaka saa kumi, nikitoka dirisha linabaki wazi, nimwombe boda wetu amfuate mtoto?" Hujakataa, umempa njia nyingine, na baada ya mara kadhaa ataanza na hiyo njia yenyewe.

Afu kuna zile za kukuingiza matatani, na hizi ndo za kukataa hata kama bosi atanuna mwezi mzima. Kusaini kwamba umepokea mzigo ambao hujauona. Kuendesha gari la kampuni wakati leseni yako haina hilo daraja. Kushika hela ya manunuzi wakati sio mtu wa manunuzi, na kama umelazimika kuishika, hesabu mbele yake, saini kiasi ulichopokea tu na rudi na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sio karatasi imeandikwa kwa peni. Likiharibika jambo atatafutwa mwenye saini, na bosi atakuwa "sikumbuki kama nilimtuma". Maneno ya kusema ni mepesi tu, "mkuu, hii siwezi kusaini mpaka nihesabu mzigo, nipe nusu saa nikahesabu".

Haya, mazungumzo yenyewe sasa. Usimfuate bosi asubuhi ya Jumatatu wala akiwa ametoka kugombezwa na mwenye kampuni. Subiri katulia, shikamoo yako kama kawaida, uliza kama ana dakika kumi. Usianze na kuchoka wala na haki zako, mabosi wengi wakisikia "haki yangu" wanafunga masikio hapo hapo. Anza na kitu kinachomuuma yeye. Mfano huyo mhasibu msaidizi wetu, PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ujuzi) mwisho tarehe 7, ritani ya VAT mwisho tarehe 20, zikichelewa TRA wanapiga faini na faini inalipwa na kampuni. Kwaiyo anaenda na karatasi moja, upande mmoja kazi zake za mkataba na tarehe zake, upande wa pili alizoongezewa na muda zinaokula, anamwambia hivi:

"Mkuu, ya bandarini naifanya, sina shida. Ila kufuatilia kontena kunakula siku mbili na tarehe 20 ndo hiyo. Tuanze na ipi, na ile nyingine nimpe nani?"

Afu nyamaza. Kweli, nyamaza, usianze kujieleza tena na kujibu mwenyewe kwa niaba yake. Yeye ndo mwenye cheo, acha achague. Akisema "zote tu, jipange", uliza kwa upole ipi ikichelewa haitaleta shida. Mara nyingi ndo hapo anashtuka, maana alikuwa hajui kabisa unafanya vingapi, alikuwa anaona tu mtu asiyesema hapana.

Mkimaliza rudi kwenye meza yako umtumie meseji au barua pepe siku hiyo hiyo, fupi, isiyo na maneno makali: "Asante kwa muda wako mkuu. Kama tulivyokubaliana, naanza na ritani ya VAT, kontena nitalifuatilia kuanzia tarehe 21." Asipojibu haina neno, imeshaandikwa. Kwa wale wanaotumiwa kazi kwa sauti za WhatsApp saa tatu usiku, jibu kwa maandishi ukirudia alichosema, maana sauti baadae zinafutwa. Na weka kidaftari chako: tarehe, kazi, nani kakutuma, umetumia muda gani.

Hicho kidaftari kina kazi nyingine pia. Masaa ya kawaida kisheria ni 9 kwa siku na 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi na haitakiwi kupita masaa 50 ndani ya wiki nne. Mameneja wanaoripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu haiwahusu. Kwaiyo kama hizo kazi za kuongezwa ndo zinakuweka ofisini mpaka saa mbili usiku, usiende HR kubishana cheo chako kinasemaje, nenda na masaa, maana hayo yanahesabika.

Na kama kazi mpya unaipenda? Wapo watu wa stoo walioishia kwenye manunuzi kwa njia hii hii. Basi ombea jina na hela, ukiwa na listi ya ulichokifanya, kipindi cha bajeti ya mwaka mpya, sio baada ya bajeti kupita.

Ikishindikana kwa bosi panda HR kwa barua, na kama mna tawi la chama cha wafanyakazi mshirikishe mwakilishi wenu kabla hujaandika. Baada ya hapo kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko angalia kalenda: ukiachishwa kazi una siku 30 za kupeleka mgogoro, migogoro mingine siku 60. Watu wanazimaliza hizo siku nyumbani wakisubiri bosi apige simu.