Viungo vichemke kwanza, kahawa ifuate

Kwa baridi hii ya Dodoma ya Juni na Julai, na upepo wake, kahawa ya viungo inafaa sana asubuhi. Ila usitie kila kitu kwa pamoja. Ponda iliki 3, karafuu 2 na kipande cha tangawizi, vichemshe kwenye vikombe 3 vya maji kwa dakika 5 hivi, sufuria ikiwa imefunikwa. Ndipo utie vijiko 3 vya kahawa iliyosagwa. Ikianza tu kufura, epua, iache itulie dakika 3 au 4, kisha chuja. Viungo vigumu vinahitaji muda motoni ili vitoe ladha, lakini kahawa ikikaa muda huohuo inazidi uchungu na harufu inaondoka na mvuke. Kwa wanaotia maziwa kuna faida nyingine, na hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi: tangawizi mbichi hukatisha maziwa, ila ikishachemka vizuri kwenye maji nguvu hiyo inakwisha. Njia hii haifai kwa viungo vya unga. Hivyo vinatoa ladha haraka na ukivichemsha sana vinaacha tope, kwa hiyo tia robo kijiko pamoja na kahawa. Karafuu zisizidi hizo 2, zinafunika kila kitu.