Somo: Kulodi Steve Davis Snooker kwa kaseti kwenye ZX Spectrum 48K

Wakuu, hili naulizwa inbox kila wiki, kujibu mmoja mmoja nimechoka, naliweka hapa. Gemu ni ile ya snuka ya kampuni ya CDS ya 1984, na naongelea Spectrum yenyewe, ile kompyuta ya zamani ya nyumbani, siyo kuiigiza kwenye simu.

1. Waya wa antena kutoka Spectrum kwenda TV ya kichogo, tafuta UHF chaneli 36.

2. Umeme. Hapa someni taratibu. Spectrum inatumia volti 9 DC ila katikati ya plagi ni HASI, nje chanya, kinyume na adapta nyingi za dukani. Mimi nilinunua adapta ya volti 9, plagi ikaingia vizuri kabisa, nikawasha, kioo kikabaki cheusi na harufu ya kuungua ikaanza kutoka kwenye kibodi. Mashine niliyoitafuta miaka ikafa palepale, mpaka leo inaniuma. Angalia kale kamchoro ka duara kwenye adapta, ukiwa na mita pima kwanza. Usikisie!

3. Waya mmoja tu, kutoka tundu la earphone la redio kaseti kwenda tundu la EAR la Spectrum. Wa MIC chomoa.

4. Bonyeza J (inaandika LOAD), halafu SYMBOL SHIFT na P mara mbili (alama ""), ENTER.

5. Play, sauti robo tatu. Mistari myekundu na ya samawati pembeni ni mlio wa kuanzia, ikigeuka bluu na njano data inaingia. Ikitokea "R Tape loading error" rudisha kaseti, badili sauti kidogo, rudia.

chalii_wa_meza: mkuu nina adapta ya redio volti 9 itafaa?

Mimi: Soma namba 2.

chalii_wa_meza: ni ndefu, sema ndio au hapana

Mimi: Hapana, mpaka uone katikati ni hasi. Ile aya imegharimu mashine nzima, isome.

mama_chaki: Imekubali, asante! Spectrum ina rangi 8, kahawia na pinki hazimo, snuka inawezekanaje?

Mimi: Swali zuri sana dada. Tena kila kaboksi ka nukta 8 kwa 8 kanabeba rangi mbili tu, mipira ya rangi ikisogeleana inagombania. Ndiyo maana kariri sehemu zake: kahawia kati ya njano na kijani, bluu katikati ya meza, pinki mbele ya pembetatu ya nyekundu, nyeusi nyuma yake.

kona_pocket: Mwenye kompyuta ya Amiga atafute gemu ya snuka ya Whirlwind ya Jimmy White, 1991, kazi ya Archer Maclean. Meza unaizunguka, na ukikawia kupiga mipira inaota sura inakufanyia vituko

Mimi: Naipenda sana hiyo! Na wa kaseti, futeni hedi ya redio kaseti (inayosoma utepe) kwa pamba na spiriti kabla ya namba 5, error nyingi zinaishia hapo.