Mradi wa mafuriko ukija bondeni kwenu: ya kufanya kabla mthamini hajagonga hodi

Watu wengi wakisikia Benki ya Dunia imetoa hela za mafuriko Dar wanaona hayo ni mambo ya Dodoma na mawaziri, sisi wa bondeni kazi yetu ni kusubiri katapila. Hapana jamani. Mimi nimekulia bonde la Msimbazi, masika kwetu ni kupandisha godoro juu ya kabati na kubeba watoto mgongoni, na nimeona mradi ukipita mtaani kwetu, kuna waliopata haki yao na kuna ambao mpaka leo wananung'unika, na nilichoona kiliwatofautisha sana ni karatasi. Aliyekuwa nazo alisikilizwa. Kwa hiyo naandika hapa nilivyojifunza, mwenye mtaa wake ukingoni mwa mto achukue.

Cha kwanza kabisa jua hela ni ya nani. Chukua mfano mradi wenyewe wa Bonde la Msimbazi, mwaka 2022 Benki ya Dunia ilipitisha mkopo wa dola milioni 200, Hispania ikaongeza mkopo wa milioni 30, Uholanzi ikatoa ruzuku ya milioni 30, kazi inasimamiwa na TAMISEMI kupitia TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, kuchimba mto, kuhamisha karakana ya mwendokasi iliyokuwa inazama pale, kupanda miti huko juu Pugu na Kisarawe mto unakoanzia, na kuwalipa wanaohama. Mkopo maana yake utalipwa na sisi na watoto wetu, kwa hiyo ukiuliza maswali hujamkosea mtu.

Na jina la mfadhili lina maana kubwa kwa sababu kila mmoja anakuja na masharti yake. Benki ya Dunia tangu 2018 ina viwango vya mazingira na jamii, kiwango cha 5 ni cha watu kuhamishwa, cha 10 ni cha kushirikisha wananchi na kupokea malalamiko. Sheria yetu inakataza ujenzi ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na ndio maana wengi wanaambiwa hamna haki ya kitu. Lakini kwa kiwango cha 5 hata asiye na hati analipwa nyumba yake aliyojenga na anasaidiwa kuhama, mpangaji naye anasaidiwa, na malipo yanatakiwa yatoke kabla hujabomolewa. Halafu nyumba inathaminiwa kwa bei ya kujenga mpya, bila kukata uchakavu, hilo shika sana. Muulize mthamini, yule anayekuja kupima thamani ya mali yako, mbele ya watu, "hapa umekata uchakavu?"

Karatasi za mradi zipo kwenye tovuti ya benki, kila mradi una namba inayoanza na P halafu tarakimu sita, omba hiyo namba kwa mtendaji au kwa maafisa wa mradi. Ziko kwa Kiingereza na ni nene, usizisome zote. Tafuteni kijana wa chuo hapo mtaani awasomee mbili tu, mpango wa uhamishaji makazi na mpango wa kushirikisha wadau, aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili, mrushe kwenye grupu la mtaa.

Sasa hili ndilo naona watu wanalidharau na kumbe ndio roho ya kazi: chorani alama za maji. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi kuchora ramani za kata zinazofurika hapa Dar, mitaro, njia, nyumba, kwa sababu ramani za namna hiyo hazikuwepo, na mhandisi hawezi kujua maji yanapita uani kwa nani kama mwenye ua hajasema. Nyie hamhitaji vifaa vya gharama. Mvua ikiisha tu, kabla tope halijakauka, chukua rangi ya mafuta (chaki inafutika, mkaa nao unafutika), piga mstari ukutani pale maji yalipoishia, andika tarehe, simamisha futi ya fundi pembeni, piga picha moja ya karibu na moja ya mbali ionekane nyumba ya nani. Sisi tulichora kwenye nguzo ya baraza la msikiti, kwenye duka la kona na kwenye choo cha mama mmoja ambaye huwa wa kwanza kuzama, nyumba kumi na nne jumla, tukaandika kwenye kaunta buku. Siku mhandisi alipokuja na mchoro wa mtaro tukamwonyesha kwamba alipoweka mwanzo wa mtaro ni pakavu, maji yanaingilia upande wa pili kwenye kalavati lililoziba. Alisimama pale muda mrefu akipima, akarekebisha mchoro. Ule mwanzo wa mtaro ulisogezwa kwa sababu ya kaunta buku.

Tathmini ya mali nayo ina tarehe ya mwisho, inaitwa tarehe ya ukomo, ukijenga au ukihamia baada ya hapo huhesabiwi. Iulizeni mapema na itangazwe hata msikitini na kanisani. Siku ya mthamini awepo mtu mzima nyumbani, tena anayejua mali. Shangazi yangu alikuwa sokoni, aliyebaki ni mtoto wa darasa la tano, mthamini wa ule mradi akaandika vyumba vinne akaondoka, choo cha nje, kisima na ukuta wa mbele havikuandikwa, na shangazi kuja kujua ni siku ya kusaini. Alihangaika karibu mwaka mzima. Kwa hiyo nyie pigeni picha kila kitu siku moja kabla, choo, kisima, mti wa mwembe, fremu ya biashara, wekeni pamoja na NIDA, mkataba wa mauziano, leseni ya makazi kama unayo, risiti za luku. Fomu usisaini kabla hujaisoma yote, na uombe nakala au uipige picha. Angalia pia kama posho zimo, ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi, hizo ziko kwenye sheria yetu wenyewe.

Mkiitwa mkutano semeni kilichosemwa kiandikwe kwenye muhtasari, sio karatasi ya mahudhurio tu, maana ile ya mahudhurio baadae inaweza kusomwa kama mlikubali.

Ukiona umeonewa anza na kamati ya malalamiko ya mradi hapo hapo, kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Wakikaa kimya nenda ofisi ya mradi, halafu kwenye huduma ya malalamiko ya Benki ya Dunia yenyewe, hata mtu mmoja anaruhusiwa. Juu zaidi kuna Jopo la Ukaguzi la benki hiyo hiyo, lipo tangu 1993, hilo linataka muwe angalau wawili, mnaweza kuandika kwa Kiswahili na kuomba majina yasitajwe. Usiandike matusi, andika tarehe, nani alisema nini, ambatanisha picha.

Mtaro ukishakabidhiwa msilale. Kuna kipindi cha matazamio ambapo mkandarasi anarekebisha kasoro kwa gharama yake, ulizeni kinaisha lini. Masika ya kwanza toka na mwamvuli, rekodi video pale maji yanapomwagikia nje, linganisha na ule mstari wa rangi ukutani, mpelekee mhandisi wiki hiyo hiyo, maana kipindi kikipita matengenezo yanarudi halmashauri na foleni ya huko mnaijua.