Wawili tu na yoti ya matanga Ugiriki: shughuli iko kwenye kufunga boti

Kama mnaenda wawili tu, mke na mume, nendeni bahari ya Ionia, magharibi ya Ugiriki, kwenye visiwa vya Lefkada, Meganisi, Ithaca na Kefalonia. Msianzie Aegean, bahari ya upande wa mashariki, maana Julai na Agosti kule kuna meltemi, upepo wa kaskazini unaoweza kuvuma siku kadhaa mfululizo na mkakwama bandarini likizo nzima. Ionia kuna maistro, unatoka kaskazini magharibi, asubuhi bahari imelala kabisa, adhuhuri unaanza, saa kumi umepamba moto, jua likizama nao unalala. Ishikeni hiyo ratiba.

Sisi tumekulia Tanga, tumezoea bamvua, maji yakitoka mashua zinabaki zimelala ubavu mchangani. Kule maji yanapanda na kushuka kidogo sana, kamba unazofunga jioni unazikuta vilevile asubuhi, huo ni mzigo mmoja umeshuka.

Karatasi sasa. Kukodi bila nahodha, mmoja wenu lazima awe na cheti kinachotambulika, wengi wanatumia ICC, cheti cha kimataifa cha kuendesha boti, na wa pili anatakiwa awe na uzoefu wa boti, kawaida anasaini tu kwamba anao. Hamna cheti? Lipieni nahodha. Pasi ya Tanzania au Kenya inataka viza ya Schengen, labda muwe na kibali cha kuishi huko huko. Boti ya futi 33 hadi 36 inawatosha, na siku ya kukabidhiwa pigeni picha kila mkwaruzo kabla hamjasaini chochote.

Njia yetu ilikuwa Lefkada, Meganisi, Sivota (kusini mwa Lefkada), Fiskardo (Kefalonia), Kioni (Ithaca), halafu kurudi. Maili 10 hadi 15 kwa siku, zaidi ya hapo mnajichosha bure. Siku 2 za kwanza tumieni injini asubuhi, ingieni bandarini kabla ya saa saba, nafasi bado zipo na upepo haujaamka. Najua mmekwenda kutweka tanga, ila mkishazoea kufunga boti ndo mnaanza kutembea na maistro mchana, na ni raha kwelikweli, boti imeinama kidogo, injini kimya, mwenzio kashika usukani anacheka peke yake. Kwenye mlango wa bahari kati ya Ithaca na Kefalonia upepo unashuka milimani kwa vishindo, punguzeni tanga kabla hamjaingia.

Sa tuje kwenye kufunga. Bandari nyingi za kule unaingia kinyumenyume, nanga omoni, yaani mbele, na tezi, yaani nyuma, gatini, na hapo ndo ndoa nyingi zinapigiana kelele mbele za watu. Kabla ya kuingia, mkiwa bado nje kweupe, tieni gia ya rivasi muone boti inavutia upande gani maana karibu zote zinavuta. Mapira ya ubavuni shusheni pande zote mbili, kamba za nyuma ziwe tayari. Nanga iangushwe mbali, urefu wa boti mara 3 au 4 kutoka gatini, halafu rudini taratibu huku mnyororo unatoka bila kukwama. Kamba ya kwanza kufungwa ni ya upande unakotoka upepo. Kisha kazeni mnyororo mpaka muone umenyooka, na mtie rivasi kidogo kuhakikisha nanga imeng'ata.

Siku yetu ya kwanza tuliangusha nanga karibu mno, mnyororo kama mita 15 tu, upepo ukaja wa ubavu na nanga ikaburura, tezi ikawa inakwenda kugonga ukuta. Mume wangu usukanini ananiuliza, mie huku omoni sisikii kitu, injini inanguruma na mashine ya nanga nayo. Tukatoka nje tukaanza upya. Usiku ule tukakubaliana ishara za mkono: kiganja chini shusha, kidole juu vuta, ngumi simama. Hatukupigiana kelele tena wiki nzima. Na badilishaneni, leo wewe usukani kesho yeye, mmoja akiumwa mwingine ajue kurudisha boti.

Maji ya tangi yanaisha haraka, ogeni baharini kisha mjimwagie kidogo. Karatasi za chooni zisiingie kwenye choo cha boti kabisa, kikiziba mtazibua wenyewe.

Asubuhi mkivuta nanga mkaona imenasa mnyororo wa jirani, msilazimishe. Pitisheni kamba chini ya mnyororo wake, ncha zote mbili mzifunge kwenu, shusheni nanga yenu kidogo mpaka ijinasue, rudini nyuma taratibu, halafu achieni ncha moja, mnyororo wake unazama pale ulipokuwa na nyie mnaondoka.