Kompyuta iliyotumika ya kurekodia nyumbani: kagua haya kabla hujalipa

Ukizunguka maduka ya Kariakoo utaambiwa "hii ni i7, bosi" kana kwamba imetosha. Haijatosha. Uliza kizazi. Prosesa ya i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina kori (vitengo vya kuchakata) mbili tu, wakati i5-8250U ya kizazi cha nane ina kori nne. Anzia kizazi cha nane, kwa sababu Windows 11 haikubali rasmi karibu Intel zote za chini ya hapo, na Windows 10 iliachwa na Microsoft Oktoba 2025.

Kwa Dar tunapendekeza laptopu. Umeme ukikatika katikati ya kurekodi, betri inaendelea na saundi kadi inayokula umeme wa USB haizimi. ThinkPad T480 na EliteBook 840 G5 zinafaa sana. Kompyuta ya mezani kama OptiPlex 7060 ina nguvu zaidi, ila ihesabie kioo na UPS.

RAM ya GB 8 inatosha kwa sauti na gitaa. Ukitumia ala za ndani ya kompyuta, weka 16. Diski iwe SSD, maana ile ya kuzunguka huvuma na maiki inaisikia. Nafasi si tatizo kubwa: kwa ubora wa kurekodi wa 48 kHz na biti 24, traki moja ya mono hula kama MB 8.6 kwa dakika, hivyo wimbo wa dakika 4 wenye traki 12 ni kama MB 415.

Kazi yenyewe ni kupima. Nenda na saundi kadi yako, maiki, hedifoni, na flashi yenye LatencyMon (programu inayoonyesha kama kompyuta itachelewesha sauti) na CrystalDiskInfo (inayoonyesha afya ya diski). Washa LatencyMon dakika kumi huku Wi-Fi ikiwa hewani. Ikionyesha nyekundu, zima Wi-Fi urudie. Ikitulia, tatizo ni draiva ya Wi-Fi (programu inayoiendesha), na utakuwa unaizima wakati wa kurekodi. Ikibaki nyekundu hata baada ya kuchagua mpango wa umeme wa nguvu kamili kwenye Windows, iache hapo hapo dukani. Sababu ni hii: bafa (kipande cha sauti kinachochakatwa kwa mkupuo) ya sampuli 128 kwenye 48 kHz inaipa kompyuta milisekunde 2.7 tu, draiva moja ikiishikilia prosesa kupita hapo, sauti inakatika na kutoa mikwaruzo ambayo huwezi kuifuta baadaye.

Kisha cheza video na urekodi dakika moja ya ukimya. Feni ikinguruma kwa joto letu, mara nyingi ni vumbi au pesti ya prosesa iliyokauka. Fundi anaitengeneza, kwa hiyo omba upunguziwe bei. Chomoa chaja ukiwa bado unasikiliza: mngurumo wa kwenye hedifoni ukitoweka, chanzo ni chaja au ethi ya soketi, basi jaribu soketi na chaja nyingine kabla ya kuilaumu laptopu.

Betri ipime kwa amri ya powercfg /batteryreport, ulinganishe uwezo wa kiwandani na wa sasa. Washa kompyuta upya na uingie BIOS (mipangilio yake ya msingi): F1 kwa ThinkPad, F10 kwa HP, F2 kwa Dell. Ikidai nywila ambayo muuzaji hana, usiinunue. Mwisho, chomeka saundi kadi kwenye kila tundu la USB na utikise waya kidogo huku ukirekodi. Tundu lililolegea hukata kifaa ghafla.